Uzoefu wangu na raifo ya .375 kwa simba, chui na fisi wa Tabora

Ukiuliza mtandaoni raifo gani inafaa kuwindia wanyama wala nyama, majibu mengi yanatoka Marekani, na mnyama anayezungumzwa ni koyote, wa jamii ya mbwa kama bweha, ambaye kwa kawaida hafiki kilo 20. Kwa huyo raifo ya .223 inatosha kabisa (namba hizi ni takriban kipenyo cha risasi kwa inchi). Risasi yake ya gramu 3.6 hutoka kwa kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde, haiharibu ngozi sana, na mwindaji anampiga kwa mbali uwandani. Mimi ni mwindaji bingwa, yaani naongoza wateja wanaokuja kuwinda, na kazi yangu ni kwenye vitalu vya uwindaji upande wa Sikonge. (Ugalla hatuwindi tena tangu ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019.) Huku fisi madoa anaweza kupita kilo 60 na bega lake ni mfupa mtupu, simba dume anapita 170, na miombo haikuruhusu kuona mbali. Ushauri wa koyote ukiuleta huku utamjeruhi mnyama, halafu vijana wa kufuata nyayo ndio watakaolipa.

Ninayotumia ni .375 H&H, kaliba ambayo Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19.4 na hutoka kwa mita kama 770 kwa sekunde. Mtambo wake wa kuingiza risasi ni wa mtindo wa Mauser 98 ya Kijerumani, wenye ukucha mpana unaolishika ganda mara tu linapotoka kwenye magazini. Kwangu hilo ni kubwa kuliko urembo wa kitako. Hata ukiwa unakimbia au umepinda, risasi ya pili inaingia chemba, na ganda tupu linavutwa kwa nguvu hata vumbi la Septemba likiwa limejaa kila mahali.

Lakini wengi wanabishana kaliba na kuisahau risasi yenyewe. Kwa nyati wengi wetu tunabeba risasi ngumu zisizopanuka. Mpige nayo chui, mnyama wa kilo 60 hivi mwenye kifua chembamba, itapita upande wa pili kabla haijafanya kazi, naye ataingia kichakani akiwa na nguvu zake. Chui anahitaji ncha laini inayofunguka mapema, yaani inayopanuka mara inapoingia mwilini. Simba na fisi wanahitaji ncha laini pia, ila iliyojengwa imara, ifunguke lakini isivunjikevunjike begani. Kwa hiyo naweka aina mbili tofauti za risasi kwenye mkanda, kila moja upande wake, na kila aina naipima kwenye shabaha kabla ya msimu, kwa sababu hazipigi mahali pamoja.

Kwa chui peke yake, .300 Winchester Magnum ya gramu 11.7 ni nzuri, pengine bora, na teke lake begani ni dogo zaidi. Mteja anayefumba macho kabla ya kufyatua .375 nampa hiyo bila kusita. Risasi ndogo iliyofika nyuma ya bega inaua. Kubwa iliyopiga tumboni inatupeleka kwenye nyasi ndefu kumtafuta majeruhi.

Darubini nimefunga ya ukuzaji wa 1.5 hadi 5. Kutoka kwenye kificho hadi chambo mara nyingi ni mita 60 tu, basi kukuza sana hakuna faida; cha muhimu ni lenzi inayokusanya mwanga wa jioni, maana chui huja jua likizama na kuwinda kwa taa sheria inakataza. Kishikio chake kinafunguka kwa mkono. Tukifuata majeruhi naitoa na kulenga kwa shabaha za chuma zilizo juu ya mtutu. Wenzangu wengine hapo hushika shotigani yenye marisau makubwa. Mita tano sina ubishi nao, ila akiwa mbali zaidi mimi naiamini .375.

Uzito wake unapita kilo 4, na mchana wa Oktoba utauhisi begani. Mikono mifupi inahitaji kitako kikatwe kidogo. Fundi afanye hivyo kabla hujaanza kulaumu teke.

Mfugaji anayesumbuliwa na fisi zizini, asinunue bunduki hii kwa sababu hiyo. Kibali cha silaha si kibali cha kuwinda. Akatoe taarifa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, na miiba ya zizi aiongeze usiku huohuo.