Montaji ya ndoa ku Birere: picha safi, lakini ile «Oh Yeah» ku dote hapana

Batu bananiuliza kila siku video ya ndoa ya yaya (dada mukubwa) wangu ilifanyiwa wapi, basi niandike mara moja. Ni ka studio kamoja ka Birere, hapa Goma, jina naacha juu sitaki kuharibia mutu kazi, na kumusifu bure pia sitaki. Dola 150 filme mbili, ya dote (kutoa mahari) na ya kanisa, na kle (flash) ya giga 32 ndani, nusu unatoa mbele, nusu siku unachukua. Picha ni safi kabisa, hata ku sale fasi kurent (umeme) ilikatika na jenereta ilikuwa inalia kama ina njaa, uso za batu zinaonekana, sauti ya pasta unaskia yote. Hapo sina neno.

Neno ni musiki.

Korteji inafika Rond-point Chukudu, munajua vile tunazungukaka pale na maklaksoni, baba mukubwa anatoka mu Mercedes ya kukodi na kofia yake, pole pole, mukono ku mulango sawa vile gari ni yake, na hapo hapo montere (mwenye alipanga video) anatupa ile sauti nzito ya mwanaume, «oh yeah», alafu chika-chika. Tulicheka mupaka yaya akasimamisha video turudilie. Koko wetu muzee naye alicheka, na koko hajaonaka filme ya Marekani hata moja! Mimi nikasema ile wimbo naijua, ni ya mu katuni The Simpsons, tulikuwaka tunaangalia kwa Kifaransa, Duffman yule wa bia akiingia na kutingisha kiuno. Montere mwenyewe hajui ni ya nani, mu mashini yake inaitwa «komiki 4», donc mimi njo nilichoma mega zangu kutafuta.

Kumbe ni ya bazungu bawili ba Uswisi, Yello. Boris Blank anatengeneza masauti, Dieter Meier anaongea (kuimba hapana, anaongea tu), na huyo Meier ni mutoto wa tajiri, alichezaka poka ya pesa kabla ya musiki. Wimbo ni ya 1985, albamu Stella. Maneno karibu hakuna: mwezi ni muzuri, jua ni muzuri zaidi, basi, oh yeah. Sauti yake banaishusha na mashini njo inakuwa kama ya jitu lenye limeshiba. Mwaka 1986 John Hughes akaiweka mu filme yake Ferris Bueller's Day Off, fasi vijana banaona Ferrari nyekundu ya baba ya mwenzao, 1987 ikarudi mu The Secret of My Success, na toka hapo filme ama publisite ikitaka kuonesha mutu anatamani kitu, gari, pesa, mwili wa mwenzake, banavuta hii. Karibu miaka 40 kazi ni ile ile. Na kitu chenye kilinifurahisha, ile Ferrari yenye banaendesha mu filme ni kopi, juu ya kweli ilikuwa bei ya kuua. Sawa na Mercedes yetu, ya masaa sita tu, na mwenye gari alikuwa anatufuata nyuma na pikipiki asije akaibiwa. Pale montere alipiga katikati bila kujua.

Shida aliipenda sana ile wimbo. Akairudisha ku keki, sawa, tukameza. Alafu tunafungua filme ya dote. Bababa bamekaa, anvelopi inafunguliwa, kamera inakaribia mikono ya baba mukubwa inahesabu dola, «oh yeah». Chika-chika. Salon nzima kimya. Juu ile wimbo haikaake tu pale chini kama mukeka, inasema kitu, inasema huyu mutu ana tamaa. Ku gari tunacheka pamoja naye, ku dote inakuwa tumeuza mutoto. Baba mukubwa aliuliza tu «ni nani aliniwekea hii?» akatoka inje, na shemeji hakujua aangalie wapi.

Nikarudi Birere. Montere ni kijana wa heshima, akasema «pole yaya, mie niliona inachekesha», akaitoa, akaweka kwaya, pesa ya kuongeza hakuomba. Lakini aliahidi siku mbili, zikakuwa tisa, kila nikipita ni kurent, kurent.

Kama unaenda kwake beba nyimbo zako mu kle, ku dote umuambie musiki hapana, aache sauti za wazee zenyewe, na ile nusu ya pesa usitoe kabla ya kuangalia filme mupaka mwisho, siyo zile dakika kumi anakuoneshaka. Ile ya Rond-point hakugusa. Baba mukubwa njo alisema ibakie, na siku izi akivaa ile kofia batoto banaanza chika-chika nyuma yake.