Ziara ya Kanisa Kuu la Granada: usiharakishwe sakristia

Ukiniuliza kama ziara ya kumfuatilia Alonso Cano, mchoraji, mchongaji na msanifu majengo wa karne ya 17, mjini Granada, Hispania, ina thamani ya hela yake, nakwambia inayo kabisa. Ila chagua vizuri mtu wa kukutembeza.

Niliyemkodi mimi alikuwa mchangamfu, lakini muda mwingi uliishia kwenye kisa cha 1644: mke wa Cano kauawa Madrid, Cano akashukiwa, akateswa, akaachiliwa. Ni kweli yalitokea. Lakini tulipofika sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya ibada, penye kazi niliyoifuata, akaanza kutazama saa.

Kazi hiyo ni sanamu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ya mti wa mwerezi, kimo chake nusu mita hivi. Cano aliichonga miaka ya 1650 ili ikae juu ya kinara cha vitabu vya waimbaji, lakini ilipendwa mno hata ikahamishiwa sakristia. Ni nyembamba miguuni, joho la buluu linatanuka katikati, kisha umbo linapungua tena hadi kichwani. Viganja vimekutana, lakini havipo katikati ya kifua. Vimesogezwa upande, basi mwili mzima unaonekana kama unaanza kugeuka. Uso ni wa binti mdogo, macho yameelekea chini. Niliwaacha wenzangu watangulie.

Enzi hizo Hispania mchongaji alichonga, kisha mchoraji akapaka rangi, na vyama vya mafundi vililinda mpaka huo. Cano, aliyezaliwa Granada 1601 kwa baba fundi wa altare, alisomea uchoraji Seville kwa Francisco Pacheco, kama mchoraji mashuhuri Velázquez, na uchongaji akaumudu vilevile, hivyo kazi zote mbili alizifanya mwenyewe. Ndiyo maana hapa huoni mti uliopakwa rangi. Unaona ngozi na kitambaa.

Turubai zake saba za maisha ya Maria ziko juu sana kuzunguka altare kuu, na vichwa vya Adamu na Hawa pia. Bila darubini ndogo utaona vivuli tu. Uso wa kanisa, wenye matao matatu makubwa, aliusanifu 1667, mwaka aliofariki. Utazame ukiwa uwanjani nje, bure.

Kabla ya kulipa, kubalianeni kwamba sakristia mtakaa. Na ukibakiwa na muda, panda Alhambra, ngome na kasri ya kale kilimani: humo katika Makumbusho ya Sanaa kuna kichwa cha Mtakatifu Yohane wa Mungu alichokichonga yeye.