Mlango wa Kushoto au wa Kulia? Nimejaribu Vitasa Viwili Hapa Moshi

Haya wapendwa, habari zenu, karibuni tena. Leo niko nyumbani, Pasua, Moshi. Mkisikia bodaboda nyuma mnivumilie, nikifunga dirisha chumba kinakuwa tanuri. Mezani nina vitasa viwili vya mlango, na nitawaambia kipi ununue na kipi ukiache dukani. Lakini kwanza nina kisa.

Mwaka jana nilinunua mlango wa chuma, ile inayokuja na fremu yake, bawaba zimeshafungwa na kitasa kimeshawekwa. Muuzaji akaniuliza kwenye simu, "Bosi, unataka wa kushoto au wa kulia?" Mimi nimesimama chumbani, nautazama mlango wa zamani, bawaba naziona kushoto. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: kushoto. Mlango ukaletwa na Kirikuu, fundi akausimamisha, akaufungua, ukaenda kulalia ukuta wenye swichi ya taa. Yaani usiku uingie, uufunge mlango gizani, ndipo upapase swichi nyuma yake. Nikampigia muuzaji na maneno yangu yote. Akanijibu kwa upole, "Sisi huwa tunasimama nje, bosi."

Nilikasirika, ila hakuwa na kosa. Njooni hapa mlangoni muone. Nimesimama nje, barazani. Mlango unasukumwa kwenda ndani, bawaba ziko kulia kwangu. Sawa? Sasa naingia ndani, nageuka, nautazama mlango uleule. Bawaba ziko wapi? Kushoto. Mlango haujaguswa, ni mimi nimehama.

Na msidhani ni mambo ya mafundi wa kwetu tu. Mmarekani akiutazama mlango huu husimama nje, kwa hiyo atauita wa kulia. Mjerumani ana kanuni yake, DIN 107, ya mwaka 1974, na yeye husimama upande ule ambao mlango ukifunguka unamjia, bawaba zikionekana. Huyo huyo mlango atauita wa kushoto. Wote wako sahihi! Sasa bidhaa za pande zote hizo zikikutana kwenye rafu moja ya hadwea, wewe unaona herufi L au R kwenye boksi, unafurahi kwamba umejua. Hujajua kitu.

Mimi siku hizi sitamki kushoto peke yake. Nasema hivi: "Nimesimama upande wa kuvuta, bawaba ziko kushoto kwangu." Ukitaka kuhakikisha uko upande wa kuvuta, funga mlango kisha tafuta vile vifundo vya bawaba. Kwa milango mingi ya nyumbani, ukiviona, uko penyewe. Usipoviona, zunguka upande wa pili. Halafu piga picha ukiwa hapohapo umtumie muuzaji WhatsApp, na kwenye picha chora mshale wa mlango unakoelekea. Shule tulifundishwa kulia ni mkono wa kulia ugali, basi, wakatuacha hapo.

Turudi kwenye vitasa. Huu ulimi wa chini, wa mraba, ndio unaotoka ukizungusha funguo. Huu hauna shida, unaingia popote. Mwenye maneno ni huyu wa juu, anayerudi ndani ukibonyeza mkono wa kitasa. Tazameni, nasogeza kamera. Upande mmoja umekatwa mshazari. Mshazari huo ndio unaotakiwa kugonga kwanza kile kibati cha kwenye fremu, uteleze, uingie ndani, kisha uchomoke kwenye tundu. Ukiwa umegeuka, uso ulionyooka ndio unaogonga. Mlango haujifungi. Unausukuma, unagonga ta! unarudi. Kila mgeni anadhani mlango wako mbovu.

Kitasa cha kwanza hiki, ulimi wake haugeuki. Nimefungua, nimevuta, nimebembeleza, wapi. Cha pili kina skrubu ndogo hapa ubavuni. Unailegeza, unauvuta ulimi mbele, unauzungusha nusu duara, unaurudisha, unakaza. Nimepima kwa simu: dakika mbili, na moja katika hizo nilikuwa natafuta bisibisi. Niliongeza shilingi 6,000 tu juu ya bei ya kile cha kwanza. Nunua hiki. Hata kama leo una uhakika wa upande, siku utakayokihamishia mlango mwingine utanikumbuka. Kasoro yake ni skrubu yenyewe, laini mno, ukitumia bisibisi isiyokaa sawasawa kichwa kinaliwa mara moja.

Kuna mtu ameniuliza, si ungeupindua tu ule mlango wa chuma, juu uwe chini? Kimahesabu yuko sawa, ukiupindua hivyo bawaba zinahamia upande wa pili. Sasa tundu la kuchungulia lililokuwa usawa wa macho linashuka karibu na magoti. Mgeni akibisha hodi unachungulia viatu. Na bawaba zangu ni zile za kuchomoa, ambazo kipande cha fremu kina pini inayotazama juu na kipande cha mlango kinakaa juu yake. Ukizipindua pini inatazama chini, hakuna kinachoubeba mlango. Ungeniangukia.

Mlango wa mbao una nafuu. Fundi anaziba matundu ya zamani kwa vijiti na gundi, anachonga nafasi mpya za bawaba upande wa pili, anahamisha kibati. Kwenye mninga alama hazifichiki vizuri, nakwambia mapema.

Mnaouliza wangu uliishia wapi, uko kwa shemeji yangu, Kibosho. Kauweka kwenye banda la ng'ombe, unafunguka upande anaoutaka hasa, na tundu la kuchungulia analitumia kila asubuhi kuona kama ndama amelala.