Kituo kilichonizuia mlangoni, na kwa nini mwanangu bado yuko pale

Mwanangu ana miaka 3. Mimi na mzazi mwenzangu tulitengana, mahakama ikampa mama malezi, nami nikapewa Jumatano jioni na wikendi moja kila baada ya wiki mbili. Usafi na michezo ya kituo hiki cha kulelea watoto ni vizuri, sina la kuongeza. Ninachotaka kueleza ni pale mlangoni, saa ya kuchukua watoto.

Jumatano yangu ya kwanza nilimkuta mwalimu asiyenijua. Akafungua faili: fomu ya watu wanaoruhusiwa ilijazwa na mama peke yake, jina langu halimo. "Samahani baba, siwezi kukukabidhi mtoto." Nikamwonyesha picha ya amri ya mahakama kwenye simu. Akataka nakala yenye muhuri. Nakala hiyo nilikuwa nimeshaipeleka ofisini wiki iliyotangulia, ila haikuwa imefika kwenye faili la mlangoni. Muda wote huo mwanangu alikuwa amebeba begi, viatu kavaa kushoto kulia, amenishika kidole na kunivuta kuelekea nje. Dakika 40.

Mwalimu simlaumu kwa kukataa. Angemtoa mtoto kwa mtu anayesema tu "mimi ni baba yake", ningemhamisha kesho yake. Kilichoniuma ni kubishana mbele ya mtoto. Wangemrudisha ndani acheze, sisi tumalizane ofisini.

Msimamizi alinipigia asubuhi akaomba radhi, akaniita. Tuliisoma amri mstari kwa mstari, siku zangu zikaandikwa kwenye kadi yenye picha yangu, dada yangu akaongezwa kwa kitambulisho chake. Mabadiliko ya kupiga simu tu hayakubaliwi: yaandikwe, kisha wao wenyewe wapige namba iliyo kwenye faili kuhakikisha.

Na wanafuata hivyo hivyo kwa pande zote. Kuna wiki tuligombana, mama akapiga simu nisipewe mtoto. Wakamjibu kwa heshima kwamba wao wanafuata amri, ikibadilika alete mpya. Aliniambia mwenyewe, na hasira zilikuwa hazijamwisha. Mimi nami nilikwenda Alhamisi moja kwa kuwa nilimkumbuka sana mwanangu; nikarudi mikono mitupu, na walikuwa sahihi. Kuna vituo vinavyomsikiliza mzazi anayelipa ada, au aliyetangulia kulalamika. Mzazi uliyetengana na mwenzako, kabla ya kuandikisha mtoto waulize: bila amri mnafanyaje? Msimamizi wetu alinijibu wazi kwamba kama hakuna amri, neno la mzazi mmoja halitoshi kumzuia mwenzake, na kwamba mzazi akija amelewa watampigia yule mwingine, na ikibidi polisi, hata kama siku ni yake.

Nawapa nyota 4. Ya tano inazuiwa na ujumbe: taarifa za mtoto zinakwenda namba moja tu, ya mama. Mwezi uliopita mwanangu aliugua homa Jumatatu, mimi nikaisikia Jumatano mlangoni, nikiwa nimeshamnyanyua na kumhisi joto la shingo. Amri yangu haininyimi taarifa. Nimewaandikia waongeze namba ya pili, wamesema wanalifanyia kazi.