Ubuntu 24.04 kwa Kazi ya Utafiti: Kuhama au Kubaki 22.04

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichambua takwimu za mvua za kila siku kwa R na Python, lugha mbili za programu, kwenye kompyuta mpakato moja yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04. Nilipohamia toleo la 24.04, lililotoka Aprili 2024, sikuvutwa na sura mpya wala ahadi ya kasi. Kazi moja ya ramani ilihitaji maktaba ya GDAL (msimbo wa kusoma na kubadilisha data za ramani) iliyo mpya kuliko ile ya 3.4 iliyokuja na mfumo wa zamani, na 24.04 inakuja na 3.8. Kwangu hiyo ni sababu inayotosha. Mtafiti asiye na haja ya namna hiyo hana la kukimbilia, kwa kuwa matoleo haya ya muda mrefu hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5, maana yake 22.04 inalindwa hadi 2027, na akijisajili kwenye Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi mwenye mashine zisizozidi 5, ulinzi huo unafika miaka 10.

Kuhama kwenyewe kulikwenda vizuri. Nilinakili diski nzima kwenye diski ya nje, nikawasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mpya bila kuusakinisha ili nihakikishe kuwa Wi-Fi na skrini ya pili vinafanya kazi, kisha nikaanza Jumamosi asubuhi, betri ikiwa imejaa na bando likiwa la kutosha, kwa sababu umeme au mtandao ukikatika wakati faili za mfumo zinabadilishwa, unaweza kubaki na kompyuta ambayo si ya zamani wala si mpya. Kufikia mchana mashine ilikuwa imewaka upya na nyaraka zangu zote zipo mahali pake.

Kazi ilianza nilipofungua R. Niliandika library(sf), amri ya kuita pakiti ya nyongeza ya kazi za ramani, kama ninavyofanya kila siku, nikajibiwa kwamba hakuna pakiti yenye jina hilo. Sababu ni kwamba R imetoka 4.1 na kuwa 4.3, na pakiti anazojiwekea mtumiaji hukaa kwenye folda yenye namba ya toleo, kwa hiyo toleo jipya linaanza na folda tupu. Kwenye Linux, familia ya mifumo ambayo Ubuntu imo, pakiti nyingi za CRAN, hazina ya pakiti za R, hushushwa zikiwa msimbo asilia ambao kompyuta lazima iukusanye yenyewe. Terra, nayo pakiti ya ramani, na sf peke yake ziliifanya feni ivume kwa muda mrefu. Andaa orodha ya pakiti zako kabla ya kuhama, maana baada ya kuhama utakuwa unaitafuta kichwani.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa ndani ya skripti yangu mwenyewe. Ipo moja inayoamua kama msimu wa mvua umeanza katika kituo fulani, na ndani yake nilikuwa nimeunganisha masharti mawili kwa alama ya &&, yaani “na”, huku nikiipa safu nzima ya siku badala ya siku moja. R 4.1 ilikuwa ikiangalia thamani ya kwanza tu na kunyamaza, R 4.3 inakataa na kusimama hapo hapo. Kumbe skripti ile ilikuwa ikihukumu msimu mzima kwa siku ya kwanza ya safu. Jedwali moja la ripoti ambayo bado ilikuwa mikononi mwangu ilibidi nilikokotoe upya lote, na ninaushukuru mfumo huu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote ulichonipa.

Upande wa Python, tumepanda kutoka 3.10 hadi 3.12. Amri ya pip, inayosakinisha pakiti za Python, sasa inakataa kusakinisha kitu chochote katika Python ya mfumo wenyewe na kukutaka utengeneze mazingira ya pekee kwa kila kazi, zuio ambalo naliona ni la haki, ingawa litawasumbua wenye mazoea ya zamani. Zana za kale zinazotegemea distutils, sehemu ya Python ya kufungasha na kusakinisha pakiti, zitagoma, kwa sababu sehemu hiyo imeondolewa. Mazingira yangu ya conda, zana nyingine ya kusakinisha pakiti, hayakuguswa kabisa, kwani hukaa kwenye folda ya mtumiaji yakiwa na Python yake. Laiti ningeweka na R humo tangu mwanzo, siku nzima ya kusakinisha upya ingeokolewa.

Kabla ya kuuamini mfumo mpya nilirudia uchambuzi mmoja uliokwisha kamilika. Jumla za mvua zilifanana tarakimu kwa tarakimu, na makadirio ya modeli yalitofautiana kidogo tu, kwenye tarakimu za mbali sana baada ya nukta, tofauti inayotarajiwa pale maktaba za hesabu za matriki zinapobadilika. Matokeo ya zamani nimeyaweka pembeni pamoja na namba za matoleo yaliyoyazalisha.

Naupendekeza mfumo huu kwa anayeanza mradi mpya, na kwa aliyemaliza mmoja kabla hajashika mwingine. Mwenzangu tunayetumia naye meza moja yuko katikati ya tasnifu, na aliponiuliza nilimwambia abaki na 22.04 mpaka atakapoitetea, kisha aje na diski ya nje tumhamishe pamoja.