Poda ya amprolium kwa kuku anayehara damu: dawa nzuri, maelezo haba

Masika haya nimeitumia poda ya amprolium ya asilimia 20 kwa siku 12, hapa kwetu Vitongoji, Pemba, kumtibu mtetea mmoja aliyekuwa akihara damu pamoja na vifaranga 9 waliokuwa wakilala naye banda moja. Bwana mifugo wetu alikuwa safarini Unguja, na lau ningemngojea arudi ningelizika kuku. Namwandikia mfugaji mwenzangu ambaye naye atajikuta mbele ya duka la dawa za mifugo, pesa mkononi, bila ya mtu wa kumuelekeza.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na maranda ya bandani yamelowa hata ukiyafumbata yanashikana. Asubuhi nilimkuta mtetea amejikunyata pembeni, manyoya yamemtutumka, mabawa yameshuka, kilemba kimepauka, na kinyesi chake kina damu. Vifaranga wawili walikuwa wamekufa juzi yake nami nikadhani ni baridi tu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Yale yalikuwa maradhi ya koksidiosisi, yanayoletwa na vijidudu viitwavyo Eimeria, ambavyo huharibu utumbo wa kuku. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, na yakipata unyevunyevu na joto huiva kwa siku moja au mbili, kisha yakamezwa na kila kuku anayedonoa chini. Kabla ya kununua dawa nilihakikisha kwanza kwamba si kideri, kwa kuwa kuku wa kideri mara nyingi huhara kijani, hupinda shingo au kupooza miguu, na wenzake hufa kwa mfululizo. Huyo hana dawa ya kumponya, na poda hii haitamsaidia chochote.

Amprolium imefanana na vitamini B1, na kijidudu huichukua badala ya vitamini yenyewe, kikadhoofika na kushindwa kuzaana. Nalieleza hili kwa sababu dukani, mjini Chake Chake, niliuziwa pakiti ya dawa pamoja na pakiti ya vitamini mchanganyiko na nikaambiwa nizitie zote katika maji mamoja. Vitamini ile ina B1 ndani yake, na B1 ikizidi huidhoofisha dawa, kwa hiyo fedha za pakiti ya pili zingeidhoofisha pakiti ya kwanza. Niliiweka kando mpaka tiba ilipokwisha. Muuzaji sikumuona kuwa na nia mbaya, lakini mtu anayeuza dawa anastahiki kulijua hilo na kumwambia mnunuzi.

Lawama yangu kubwa ni kipimo. Maandishi ya pakiti ni madogo mno, hayana hata neno moja la Kiswahili, na hamna kijiko ndani. Dukani niliambiwa nitie "kijiko kidogo kwenye ndoo", bila ya kuambiwa kijiko gani wala ndoo ya lita ngapi. Kwa poda ya asilimia 20, kipimo cha kutibu ni gramu 1.2 kwa kila lita ya maji kwa siku 3 hadi 5, kisha hupunguzwa kuwa robo yake, yaani gramu 0.3 kwa lita, kwa wiki moja au mbili. Dawa ikizidi sana, kuku naye hukosa B1 na akazidi kulegea. Nilikwenda kwa sonara, mtu wa heshima zake, akanipimia kwa mizani yake ya dhahabu vikaratasi vya gramu 1.2, kila kimoja cha lita moja, nami nikavikunja kama vile vya uwatu. Kwa siku 5 nilikoroga maji mapya kila asubuhi na yaliyobakia jana nikayamwaga, na kwa siku 7 zilizofuata kikaratasi kimoja kilitosha lita 4.

Jambo jingine ambalo pakiti haisemi ni kwamba dawa ya kutiwa katika maji humfaa kuku anayekunywa, na mtetea wangu alikuwa hanywi. Siku mbili za mwanzo nilimuweka peke yake ndani ya tenga lililotandikwa magunia makavu, nikawa kila baada ya saa moja au mbili namdondoshea maji ya dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone moja moja pembeni mwa mdomo, nikingoja ameze kabla ya tone jengine. Ukimmiminia kwa pupa, maji huingia katika njia ya hewa akakufa mikononi mwako. Siku ya tatu alikunywa mwenyewe akadonoa na wali kidogo. Maranda yote niliyazoa nikayachoma moto, banda nikaliacha wazi likaushwe na jua, kisha nikatandika kumvi kavu za mpunga na chombo cha maji nikakipandisha juu ya tofali kisichafuliwe kwa kinyesi.

Damu ilikatika siku ya nne. Vifaranga hakufa mwengine hata mmoja, na mtetea, ambaye alibaki mifupa mitupu, alianza kutaga wiki ya sita. Nitainunua tena poda hii, kwani bei yake haikufika hata ya trei moja ya mayai na imefanya kazi niliyoitarajia. Pakiti iliyobaki nimeihifadhi pakavu ndani ya kopo, na juu yake nimeandika kwa wino mzito vile vipimo viwili, ili hata nikiwa sipo wanangu wajue cha kufanya.