"Nipe fundi wenu niongee naye": kisanduku cha hifadhi na duka lililoniuzia

Naanza na duka, maana hasira yangu iko huko. Kifaa chenyewe tutakifikia.

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, upande wa Nkrumah Road. Majuzi tulinunua kisanduku cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa ofisi, na bei tuliyolipa ilikuwa pamoja na fundi wa duka kuja kukifunga. Sharti langu lilikuwa moja, na limeandikwa kwenye risiti: kijiunge na domeni ya seva yetu ya Windows, yaani orodha moja ya watumiaji na kompyuta za ofisi inayosimamiwa na seva hiyo, ili kila mfanyakazi aingie kwa jina na nywila ileile anayofungulia kompyuta yake, na mafaili ya uhasibu yasiwe wazi kwa kila apitaye. Fundi akaja, akakiwasha, taa zikawa kijani, akaaga. Domeni hakuigusa. "Hiyo mtajaza tu jina na nywila," akasema.

Nikajaza. Imeshindikana. Nikajaza tena. Imeshindikana. Hakuna sababu, hakuna namba ya kosa, neno hilo tu jekundu. Na watu wanangoja hati za mizigo ambazo zilikuwa zimeshahamishiwa humo. Kontena likizidisha siku zake bandarini linalipiwa, halijali kwamba kompyuta zenu zimegoma.

Nikapiga simu dukani. Jamaa akanisikiliza sentensi moja. "Dada, hebu nipe fundi wenu niongee naye."

"Fundi ni mimi."

Akacheka. Sikuota, alicheka, na wenzangu walisikia kwa sababu nilikuwa nimefungua spika. Nikamweleza taratibu: jina la kisanduku halizidi herufi 15 zinazoruhusiwa, akaunti ninayotumia ina ruhusa ya kuingiza mashine kwenye domeni, na seva inaonekana kutoka kwenye kisanduku. Akanijibu kwamba bila shaka nywila nimeikosea, nimuulize bosi. Kisha akaleta lake: modeli hii ni ya nyumbani, chukueni kubwa. Uongo mtupu! Kisanduku kina ukurasa mzima wa kujiunga na domeni, na ndio nilikuwa nimeukodolea macho wakati ananiambia hayo.

Nikakata simu, nikaanza kupekua kazi ya fundi wao. DNS, yaani huduma inayotafuta anwani ya mashine kwa jina lake, alikuwa ameweka 8.8.8.8. Hiyo ni ya Google, ya mtaani kwa kila mtu, nayo haiwezi kujua domeni iliyo ndani ya ofisi yetu. Kifaa huiuliza DNS seva ya domeni iko wapi, na hapo kilikuwa kinamuuliza asiyetujua. Nikaweka anwani ya seva yetu. Domeni ikaonekana mara moja. Nikaandika nywila. Imeshindikana.

Ikanibidi niingie kwa SSH, njia ya kukiamuru kifaa kwa maandishi kutoka kompyuta nyingine, nisome kumbukumbu zake za ndani. Mstari mmoja wa Kerberos, mfumo unaothibitisha watu na mashine kwenye domeni, ulikuwa unalalamika kwamba tofauti ya saa ni kubwa mno. Lakini saa kwenye skrini ilikuwa sawasawa na ya ukutani! Nikatazama majira ya eneo: Beijing. Fundi aliona saa si sahihi, na badala ya kubadilisha majira akaandika saa ya Mombasa kwa mkono juu ya majira ya Uchina. Wao wako mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa saa 8, sisi kwa saa 3, kwa hiyo ndani yake kisanduku kiliamini kiko saa 5 nyuma. Kerberos hutia saa kwenye kila tiketi ili mtu asidake ya zamani akaitumia, na kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Nikachagua majira ya Nairobi, nikakiamuru kichukue saa kutoka seva yetu. Nikabonyeza. Kimejiunga. Majina ya wafanyakazi wote yakashuka, na vikundi vyao.

Tangu hapo, sina neno. Stima imepotea na kurudi, nacho kinaamka na domeni yake. Mafaili makubwa yanafunguka haraka kuliko zamani. Nilikuwa nimepania kukipa nyota moja, sasa nakipa nne.

Hapana, tatu. Kifaa kilikuwa kinajua tatizo ni saa, kimeliandika mahali ambapo mhasibu au karani hatafika maishani, kisha mbele ya macho yetu kikasema imeshindikana. Kuandika "angalia saa" kungewagharimu nini?

Duka halina nyota. Nilikwenda mwenyewe na risiti kudai pesa ya ufungaji, nikamkuta yuleyule wa kwenye simu kaunta. Nikamwonyesha picha ya majira ya Beijing. Hata hakuitazama. "Si kimeshika sasa?" Pesa bado naidai. Kisanduku kama hiki ningenunua kingine, ila si kwao, na atakayekuja kukifunga hataondoka kabla sijaingia na jina langu mbele yake.